Nyayo Ndani ya Propela

Wilonja, mtani wangu,

Shikamoo sikupi. Mimi ni mkubwa kwako, na kufa hakumwongezei mtu miaka, kwa hiyo wewe ndiye wa kuniamkia hata huko uliko. Haya, nimeshaitikia: marahaba.

Barua hii naiandika mwenyewe, usicheke. Shule sikwenda, unajua, lakini herufi nilizipata kwenye madarasa ya watu wazima, na zile zilizopinda ukanipigia msasa wewe. Mwandiko wangu bado unatembea upande upande kama kaa. Utasoma tu. Mtu aliyesoma ndani ya chuma hawezi kushindwa na haya.

Leo Jumanne. Nimekaa kibandani kwangu hapa Ujiji, na juu ya fuawe mbele yangu kuna propela ya injini ya boti ya Yusufu. Ina mapanga matatu, moja limekunjika kama sikio la mbwa. Alhamisi asubuhi boti hiyo inavuka ziwa, na mkeo atakuwa ndani yake.

Ndiyo. Mama Furaha anarudi kwenu. Vita imepoa, watu wanarudi, meli ya wakimbizi inajaa kila inapoondoka. Yeye kaandikishwa, lakini zamu yake iko mbali, na Furaha aliyetangulia na mumewe amejifungua. Mtoto wa kiume. Wamempa jina lako, masikini mtoto. Sasa bibi mwenye mjukuu atangoja zamu? Kamwendea Yusufu, Yusufu kasema sawa mama, ila propela imegonga gogo, ngoja Mzee Hashindwi ainyooshe.

Hashindwi ndiye mimi, kama umesahau. Jina nilijipa mwenyewe, maana ningesubiri watu wanipe ningezeeka bila jina. Na ile propela mpya, ile ambayo haijawahi kugusa maji, bado inaning'inia juu ya mlango wangu. Watu wanakuja kuitaka, nawaambia hiyo siyo propela, hilo ndilo jina langu.

Basi pale mwaloni, mbele ya wavuvi na wanawake wa dagaa, nikaibeba ya Yusufu begani nikasema: "Alhamisi mbali! Mimi hata ubavu wa Hawa ningeunyoosha kabla ya adhuhuri." Watu wakacheka. Mama Furaha hakucheka. Alinitazama tu. Wewe unalijua lile jicho lake.

Wilonja, Mwalimu wangu, propela hii naifahamu. Nimeshainyoosha mara mbili, baridi, kwa mikono yangu hii. Hii ni ya tatu. Na wewe na mimi tunajua habari ya mara ya tatu.

Ngoja nianze mbali, nipate nguvu ya kufika karibu.

Siku mliyoshuka kutoka ng'ambo ufukwe ulikuwa umejaa. Kila mtu kashuka na alichokiokoa: sufuria, godoro, mbuzi, mmoja kashuka na mlango. Mlango mtupu, nyumba kaiacha. Nikasema huyu ndiye kashinda wote. Halafu ukashuka wewe, mrefu, miguu kama ya korongo, na kitu umekifunga kwa kitenge kifuani kama mtoto mchanga. Wanawake wa hapa wakakimbilia kukupokea mtoto. Ukafungua. Shaba na vioo! Hadubini ya chuo ulichokuwa unafundisha mambo ya vyuma, uliyoitoa dirishani watu wakipora. Meza yake ya chini ilivunjika njiani, ikabaki shingo na jicho, ukaja kuitengenezea miguu ya mti hapa hapa. Mama Furaha akatuambia sisi tusiomjua, kwa sauti ya mtu aliyechoka: "Ameacha masufuria yangu yote, ameleta jicho ya shule."

Nilikupenda siku ile ile. Sikukwambia, ungevimba kichwa.

Mkafikia kwa shangazi yako mtaa wa Buzebazeba, baadaye mkapelekwa kambini, lakini kila ulipopata kibali cha kuja mjini ulikuwa kwangu. Na mara ya kwanza kabisa ulinikuta naaibika. Mimi mtoto wa mhunzi. Baba alifua majembe, na chuma cha baba kilikuwa na adabu: ukikitia moto kinakuwa chekundu, kinakwambia sasa nipige. Nimeletewa propela, ndiyo kwanza, nikaitia kwenye mkaa, nikakaa kungoja iwe nyekundu. Nikangoja. Nikavuta tumbaku. Nikawaambia waliokuwepo, "Hii ina kiburi, lakini leo itanitambua." Mara panga moja likadondoka kwenye mkaa, puu, kama bonge la ugali wa muhogo. Halijawa jekundu hata kidogo! Na wewe umesimama mlangoni, mgeni hata maji hujanywa, ukasema: "Pole, Muzee. Ile si chuma ya baba yako. Aluminiamu haina haya, haiwaki uso. Inayeyuka na sura yake ileile."

Nilikuchukia siku tatu.

Na nikaapa moyoni sitaitia tena aluminiamu motoni. Kwa watu nikasema nimegundua ufundi mpya, kunyoosha baridi, kwa nyundo ya mti na subira. Woga nikauvalisha kanzu ukaitwa ufundi. Watu wakasifu, nami nikawasaidia kusifu.

Siku ya nne ukarudi na kipande cha sufuria kuukuu. Ukakisugua kwa msasa, halafu msasa laini, halafu kitambaa na dawa ya meno, mchana kutwa, mpaka nikakuuliza kama unataka kukioa. Kikang'aa nikaiona pua yangu ndani yake, na pua yangu si haba. Ukaweka hadubini juu, ukarusha jua kwa pembeni na kioo cha kunyolea. "Angalia." Nikaangalia. Hamna kitu, ziwa limetulia asubuhi. Nikasema umenipotezea muda kunionyesha utupu. Ukakitoa, ukakikunja kwa koleo, kidogo tu, ukakirudisha.

Wilonja. Mpaka leo nikifumba macho naiona.

Mistari. Myembamba, mingi isiyo na idadi, imelala sambamba kama matuta ya mihogo mlimani. Na panapoisha shamba hili linaanza lingine, matuta yake yameelekea kwingine, kama vile kila shamba lina mwenyewe na wenyewe hawasemezani. Nikatoa jicho nikatazama hivi hivi: sufuria. Nikarudisha jicho: nchi nzima. Nikasema astaghfirullah. Umri wote huu napiga nyundo, kumbe kila pigo lilikuwa linalima!

Wakati unakikunja ulisema ndani ya chuma wamo wanaotembea, nikakwambia, "Nimewaona hao wanaotembea." Ukacheka. "Apana, Muzee. Ile ni nyayo tu. Benyewe beko badogo sana, jicho hii haiwezi kubaona."

Ukanieleza kwamba ndani ya chuma punje zimejipanga kwa mistari kuliko mahindi ya mkulima mwenye kamba. Lakini pengine mstari mmoja unaishia katikati ya shamba. Umeanza vizuri, ukifika kati haupo, na majirani wamesogeleana kuficha aibu. Pale ulipoishia ndipo penye kosa. Ukikunja chuma, kosa linatembea: mstari uliokatika unaunga na wa jirani, wa jirani ndio unabaki umekatika, hivyo hivyo, jirani kwa jirani, mpaka kosa linatokea ukingoni na kuacha ngazi ndogo. Zile ngazi ndiyo matuta niliyoyaona. Makosa chungu nzima yako safarini, na sisi huku nje tunasema tu, eh, sufuria imebonyea.

Nikakataa. Mzee mzima niamini kitu kwa sababu mkimbizi kasema?

Hukubishana. Ulinipeleka kwenye turubai la kuanikia dagaa, kubwa, limelowa, limelala mchangani. "Vuta." Nikavuta na majigambo yangu yote. Halikusogea, likanisogeza mimi. Wanawake wakaanza kuniimba. Wewe ukaenda upande mmoja, ukainua mkunjo mdogo, toka pindo hadi pindo, ukaanza kuusukuma kwa mguu polepole, kama mtu anayefukuza kuku wa jirani asiyetaka ugomvi. Mkunjo ukatembea mpaka mwisho, ukaishia. Turubai zima limesogea unyayo mmoja. Mtu mmoja tu! "Ndiyo vile, Muzee. Chuma yote haisogei mara moja. Kosa moja inatembea, na chuma inasogea."

Nikauliza, "Na kisipokuwa na kosa lolote?"

"Kingekuwa kigumu, nyundo yako ingelia. Halafu siku moja, pa, kinavunjika bila kuaga."

Nilikaa chini pale mchangani, unakumbuka? Ukadhani nimeugua. Nilikuwa nashangaa tu, bwana. Nilidhani kazi ya fundi ni kuondoa makosa. Kumbe maisha yangu yote makosa ndiyo yaliyokuwa yananifanyia kazi, nami sijawahi hata kuyaamkia.

Na lile jingine, la propela na sufuria. Ukasema propela ni ngumu zaidi kwa sababu ndani ya aluminiamu wametiwa wageni, punje za vitu vingine, moja hapa moja kule, na makosa yakitembea yanajikwaa kwa hao wageni, hayapiti hovyo. "Bageni ndiyo banaipa nguvu." Nikakwambia, Mwalimu, hapo sasa unajisifia wakimbizi wenzako. Ukasema, "Nasema aluminiamu, Muzee. Weye ndiye umesema bakimbizi." Tukacheka mpaka Mama Furaha akaja kuuliza nani kafa.

Lakini na onyo ulinipa. Ukikunja na kukunjua, makosa yanazaliana, yanakutana njia panda, yanazuiana, kama siku ile mliposhuka maboti yote kwenye kinjia kimoja cha kupanda, hakuna anayekwenda mbele wala kurudi. Chuma kinakuwa kigumu, nasi tunasema kimepata nguvu. Ulitikisa kidole. "Ile si nguvu, Muzee. Ile ni musongamano. Mara ya kwanza baridi, sawa. Mara ya pili, omba Mungu. Mara ya tatu, moto." Na kwa sababu ulijua mimi moto umeshanidhalilisha, ukanipa dawa: nipake sabuni ya mawese, hii hii yetu ya Kigoma, juu ya panga lote, nipashe taratibu huku nageuza, nisiangalie chuma, niangalie sabuni. Sabuni ikiiva ikawa nyeusi kama kahawa, nitoe hapo hapo. Wale waliokwama wanaachiana njia, wanapungua, chuma kinalegea na kukubali tena.

Nikasema nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa kweli. Hapo ndipo penye uchungu.

Ulipotaka kuvuka kwenda kumtafuta mdogo wako aliyebaki ng'ambo, boti ilikuwa hii hii ya Yusufu, propela nyingine, na panga lake lilikuwa la mara ya tatu. Ulikuja asubuhi na begi lako, ukaniuliza kwa kunitania, "Muzee, sabuni imeiva?" Nikasema, "Imeiva, nyeusi kama kahawa."

Wilonja, sikuwasha hata kiberiti.

Nilipiga baridi. Niliogopa liniyeyukie tena mbele ya watu. Liliponyooka nilifurahi, nikasema huyu Mwalimu ana maneno mengi, mkono wangu umetosha.

Likavunjika katikati ya ziwa. Mlielea siku mbili na mvua, upepo ukawatupa kusini kabisa. Mlirudi wote wazima, na mdogo wako hukumwona. Ulirudi unakohoa. Na kipande kilichobaki cha lile panga ulikuwa nacho mfukoni. Ulikiweka chini ya hadubini hapa kibandani, mbele yangu, ukakitazama muda mrefu. Ukapitisha ukucha kwenye kona ambako masizi ya sabuni yangebaki. Ukaiangalia ncha ya ukucha. Safi. Watu wamejaa mlangoni wanauliza, Mwalimu, kimetokea nini? Ukasema, "Jiwe. Tuligonga jiwe."

Jiwe katikati ya Tanganyika, penye kina kisicho na mwisho! Na wakakubali, kwa sababu umesema wewe.

Mimi nikaliacha jiwe liwe jiwe. Mvua za mwaka uliofuata ukafa kwa kifua. Huu ni mwaka wa sita sijui kama kifua kile kilikuwa chako au nilikutengenezea mimi.

Nimechoka. Naweka kalamu.

*

Jumatano.

Nimefanya, Mwalimu. Nimewasha moto.

Sabuni nilikwenda kuomba kwa mkeo. Angeweza kunipa yoyote, mimi sabuni ninayo, lakini nilitaka itoke mkononi mwake. Alikuwa anafunga mizigo. Hadubini nimemrudishia juzi, kwa sababu uliacha neno kwamba ile ni mali ya chuo na siku ya kurudi irudi. Iko kwenye kitenge kile kile. Akaniuliza, "Sabuni ya nini, shemeji? Unaoga?" Nikasema napasha moto propela ya Yusufu. Akanipa mche mzima, na akanitazama tena.

Nikapaka.  Nikageuza taratibu juu ya mkaa, sikuangalia chuma, niliangalia sabuni. Ikawa njano. Ikawa kahawia kama maganda ya chikichi. Nikasema sasa linadondoka, sasa linadondoka. Halikudondoka. Sabuni ikawa nyeusi. Nikatoa.

Likapoa, nikagusa kwa nyundo ya mti. Wilonja! Liliniitikia. Lile panga lililokuwa linanirudishia nyundo usoni jana lilishuka kama kichwa cha mtoto kinapolazwa kwenye mto wa kulalia. Mapigo kumi na mbili, nilihesabu. Limenyooka, utadhani limezaliwa hivyo. Nilitoka nje nikapiga kelele, nikawaambia wapita njia waje waone fundi. Hilo sikudanganyi, nilijisifu sana.

Na hapo majigambo yakanifaa kwa mara ya kwanza. Nilitaka mkeo aone kazi ilivyo safi, kwa jicho lako. Nikasugua shina la panga, msasa, msasa laini, dawa ya meno, likang'aa. Nikamwita aje na hadubini. Nikaisimamisha juu ya shina lenyewe, nikarusha jua kwa kioo. Nikainama kwanza mimi, nihakikishe pazuri pa kumwonyesha.

Kuna mstari mmoja hauendi na wenzake.

Nyayo ulizonionyesha zimenyooka, zimepangana. Huu unapinda, unapita kutoka shamba hili kwenda lile bila kubisha hodi, mweusi ndani, una kina. Nikavuta mafuta ya taa kwa unyoya nikapaka, nikafuta kwa kitambaa. Nikasubiri. Mafuta yakatoka tena yenyewe, kwenye mstari ule, kama jasho.

Ufa. Mwembamba kuliko unywele. Ulikuwepo tangu nilipolipiga mara ya pili, baridi, kwa mkono wangu uliotosha.

Nikakumbuka ulivyosema siku moja, nami nikadhani ni kiburi cha shule: moto unawapumzisha waliokwama, lakini palipochanika haupashoni. Panga limenyooka, limelainika, na litavunjika. Labda Alhamisi. Labda mwakani. Ukilitazama kwa macho ni zuri kuliko jipya.

Mama Furaha akasema, "Sasa naweza kuangalia?"

Nikamwambia jua limeondoka. Jua lilikuwa utosini, Wilonja. Nikamwambia jua limeondoka.

Akafunga hadubini kwenye kitenge akaenda zake. Nami nimekaa hapa naandika, nayo propela iko mbele yangu inang'aa. Nikisema, jina limekwisha, na Yusufu ataipeleka kwa fundi mmoja wa mtaa wa Katubuka ambaye ataigongagonga na kusema nzima. Nisiposema, mjukuu wako atasubiri bibi ufukweni.

*

Jumamosi.

Sasa sikiliza.

Alhamisi alfajiri walikuwa wote pale mwaloni. Yusufu, abiria, magunia, mkeo na kitenge kifuani kama siku mliyofika. Nikashuka na propela begani. Yusufu akaiona inang'aa, akapiga makofi: "Hashindwi! Si niliwaambia?" Akanyoosha mikono aipokee.

Sikumpa. Nikakaa juu ya gogo, nikaibana katikati ya magoti, nikatoa msumeno wa chuma, nikaanza kulikata lile panga kwenye shina.

Yusufu alipiga ukelele kama mtu anayekatwa mguu. "Mzee! Mzee umechanganyikiwa? Imepona hiyo!" Akaja kuninyang'anya, nikamwambia sogea utakatwa. Kijana mmoja akasema mzee kalogwa. Mwanamke wa dagaa akasema hajalogwa, kazeeka. Nikaendelea. Nusu ya njia, halijafika mwisho, nikaligonga kwa kisigino cha mkono. Kisigino cha mkono tu, Wilonja. Pa. Likaanguka mchangani, na pale lilipovunjikia nusu ya uso wake ilikuwa nyeusi, ya zamani, imelala humo siku nyingi ikinisubiri.

 Yusufu akaliokota, akalitazama, akamtazama Mama Furaha na magunia na maji. 

Nikasimama. Nikasema, "Nimeshindwa." Nilidhani neno hilo lingenivunja meno, lakini lilitoka, na la pili likafuata lenyewe: "Na la Mwalimu nilishindwa pia. Hapakuwa na jiwe. Nilimwambia nimepasha moto, sikupasha."

Nilisema nikiwa namtazama mkeo, kwa sababu wengine wote sikuwa na deni nao.

Unajua alifanya nini? Akashusha pumzi, akageuka kwa abiria mwenzake akasema, "Bahati yangu! Nimeliwa kuku."  Akanijia karibu, akasema taratibu: "Shemeji, siku ile alirudi aliniambia. Minasema, niende nimutukane? Anasema wacha, atakuja kusema mwenyewe. Minasema, yule? Yule hata siku ya kiama atasema alishinda! Tukawekeana kuku."

Wewe mshenzi. Mwaka mzima ule unakuja kibandani kwangu, unakunywa chai yangu, unakohoa, na umeniwekea kuku.

Nikamuuliza lile lililobaki. "Na kifua chake, mama? Ni mimi?"

 Akashika kile kitenge, akasema, "Hiyo hata jicho ya shule haiwezi kuona."

Basi. Hilo ndilo nililopewa, na ndilo nililobaki nalo.

Nikapanda juu nyumbani, nikaishusha ile ya juu ya mlango. Ukubwa ni ule ule. Kabla sijaifunga, mkeo kafungua kitenge bila kuombwa, tukasugua mashina yote matatu na dawa yake ya meno ya safarini, akainama yeye kwanza. Akatazama panga moja, la pili, la tatu. Akasema, "Hamuna nyayo. Ziwa tu." Nikainama na mimi. Ilikuwa kama ile siku ya kwanza kabla hujakunja kipande: utupu, nao safari hii ukanijaza machozi, sijui kwa nini, labda dawa ya meno. Nikaifunga kwa mikono yangu. Injini ikaitika, wakaenda, na jina langu linazunguka chini ya maji.

Leo mchana Yusufu karudi. Wamefika salama, propela haikukohoa hata mara moja. Mjukuu wako ana pua kubwa, kwa hiyo si wako, labda ni wangu. Hadubini wameipokea watu wa chuo, imebaki na miguu yake ya mti niliyokusaidia kuchonga. Waliuliza nani kaitengenezea miguu mibaya hivi. Mama Furaha akawatajia jina langu.

Kuku kaniachia. Ni wako, lakini wewe huli, kwa hiyo namfuga kwa niaba. Simchinji. Sasa hivi anadonoa pembe ya karatasi hii, ukiona tundu ujue ni yeye.

Na ahadi yangu ni hii, ishike. Kila propela inayoingia kwangu kunyooshwa naigonga nukta kwa ncha ya msumari kwenye kitovu chake. Nukta moja, baridi. Nukta mbili, sabuni na moto, na mafuta ya taa. Nukta tatu naikatalia, hata aje mfalme. Nimeshawaambia na yule fundi wa Katubuka na wa Mwandiga, mwenye kuona nukta asijifanye hajui. Wanaziita nukta za Mwalimu. Mimi ndiye niliyewalazimisha waziite hivyo, lakini wanaziita.

Juu ya mlango nimetundika lile panga lililokatika, upande mweusi uko nje. Wageni wakiuliza nawasimulia, nawawekea na turubai wavute. Chumvi naongeza kidogo, unanijua. Nawaambia nitazame mimi: Kigoma nzima, mpaka Ujiji, hakuna mtu aliyewahi kushindwa vizuri kama nilivyoshindwa mimi.

Haya, lala, mtani. Kwaheri ya leo. Siku nikija huko utaniamkia kwanza, halafu utanionyesha wale wenyewe, maana huku niliziona nyayo tu.

Mimi wako,
Mzee Hashindwi. Jina nimebaki nalo, hakuna mwingine aliyelitaka.